Mlango wa Ushauri Nasaha

Katika chuo chetu hapa Mbinga kuna mlango mmoja ambao wanafunzi hupita mbele yake wakiangalia upande wa pili. Juu yake pana kibao kilichoandikwa Ushauri Nasaha. Aliyekiandika alikuwa na nia njema, ila alisahau kwamba huku kwetu maneno hayo tuliyasikia kwanza zahanati, yakifuatana na "kupima". Mtu akionekana anaingia pale, hakuna anayedhani ana mawazo. Wanasema ameathirika, yaani ana virusi.

Mimi ndiye niliyempeleka pale mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili, binti wa Lipingo, kijiji cha kule ziwani. Baba yake alikuwa amefariki, na tangu arudi kutoka msibani alikaa darasani macho makavu, kalamu mkononi, haandiki neno. Siku ya jaribio alirudisha karatasi tupu. Nikamsindikiza mpaka mlangoni, nikamwacha na mnasihi, nikaenda zangu kufundisha. Wiki haikwisha, maneno yakawa yamefika ziwani. Akafunga begi, akarudi nyumbani. Mitihani ya mwisho ilikuwa inakaribia. Asiyefanya angepoteza mwaka, na kwa jinsi nilivyomfahamu yule binti, asingerudi tena.

Nilikasirika. Wanafunzi wa chuo kikuu, simu kubwa mikononi, na ndimi ndefu kuliko simu zenyewe! Hata angekuwa ameathirika kweli, kosa lingekuwa wapi? Jumamosi nikateremka Lipingo.

Mama yake alikuwa anaanika usipa juu ya chanja. Nikampa shikamoo na pole ya msiba. Akanikaribisha, akanitania kwamba Mmatengo wa milimani kama mimi akionekana ziwani lazima ana shida, maana maji anayaogopa. Binti akatoka ndani, akanisalimia, akakaa nyuma ya mama yake kana kwamba nimekuja kumkamata. Nikawaeleza kwamba ofisi ile ni ya mazungumzo tu: anayefiwa, anayekosa usingizi, anayelemewa na masomo, wote wanapokelewa, hata wafanyakazi. Nilieleza vizuri sana. Mama akaendelea kugeuza samaki wake mpaka nikamaliza.

"Nasikia nawe ulifiwa na mume mwaka jana," akasema. "Ulikwenda kwenye hiyo ofisi?"

Nikasema hapana.

"Basi usimpeleke mwanangu mahali ambapo mwenyewe unaona aibu kuingia."

Nilikula ugali wa muhogo kwa usipa, nikaaga, na njia nzima ya kupanda milima nilibishana naye kichwani, nikashindwa kila kona. Baada ya kumzika mume wangu nilirudi kazini, sikukosa hata kipindi kimoja, na wenzangu wakanisifu kwamba nimejikaza. Nyumbani nilikuwa bado napika chakula cha watu wawili.

Jumatatu nilikwenda utawala kuomba kibao kibadilishwe. Wakanijibu kwa upole kwamba suala hilo litapelekwa kwenye kikao. Mimi vikao vyetu navijua. Nikangoja saa ya chai, walimu wakiwa barazani na wanafunzi wamejaa uwanjani, nikavuka katikati yao na kitenge changu chekundu, nikagonga ule mlango, nikaingia. Ndani nililia mpaka kwikwi ikanishika. Mnasihi hakuniambia nijikaze, na hilo peke yake lilinifaa kuliko pole zote nilizopewa mwaka mzima. Nilipotoka sikufuta macho. Waliokuwa barazani wakaanza kukoroga chai ambayo walikwisha kuinywa.

Ijumaa simu ikaita. Alikuwa binti wa Lipingo, anajizuia kucheka, na sauti hiyo sikuwa nimeisikia tangu afiwe.

"Mwalimu, huku wanasema umeathirika."

"Waambie nimefiwa," nikamjibu. "Na waambie Jumatatu naingia tena."

Nikamsikia mama yake akimuuliza nimesemaje, naye akamrudishia maneno yangu kwa Kinyasa, polepole. Kisha akarudi kwenye simu.

"Jumatatu saa ngapi, Mwalimu?"