Wadudu wa Shamba la Mpira

Haya jamani, sogeeni! Harufu hii ya kisamvu imenirudisha utotoni, enzi za Mwingereza. Bwana shamba alitung'olea mtama wote, akapanda miti ya mpira ya majaribio. Ukiharibu mmoja, baba jela! Njaa ikaja, njaa ya kumeza hata kivuli chako. Majani ya mpira yanafanana na ya muhogo, basi mama akawa anachuma, anatwanga, anapika, tunakula. Machungu hadi masikio yanasinyaa!

Bwana shamba akarudi, akakuta miti ina vipara.

"Wadudu gani hawa?"

Akaandika daftari zima, akachanganya sumu, akainua bomba. Baba jasho linamtiririka kama mto. Bibi yangu, mama yake baba, akapiga kelele:

"Usinyunyize, bwana! Hao wadudu ni sisi!"