Nyutroni Msibani kwa Baba

Baba alizikwa Tingi mimi nikiwa bado kwenye ndege. Maiti haingoji msafiri, hilo nalijua. Kilichonichoma ni kingine: sikujua kama alikufa akiiona kazi yangu ni kazi.

Alitaka niwe daktari. Mimi nikaenda ughaibuni kusomea fizikia, nikabaki hukohuko kwenye maabara ya leza. Kila Ijumaa nilimpigia simu nikamweleza. Tunaubana mwanga, baba, mpaka unakuwa kama sindano, tunaupiga kwenye punje ndogo kuliko mtama. Ndani ya punje mna hidrojeni nzito, ileile iliyomo hata kwenye maji ya bahari. Viini vyake vikiungana, zinaruka nyutroni. Nyutroni haina chaji, haivutwi wala haisukumwi, ukuta inaupenya. Kazi yangu ni kuzinasa na kuzihesabu.

"Haya," baba alijibu. "Umekula?"

Miaka yote ikawa ni hayo tu, haya na umekula. Nilikuwa nakata simu nimenuna, na kununa naweza.

Nilifika siku ya hitima. Uani, watani walikuwa wameshaanza mambo yao. Hao ndio wenye haki ya kutucheka hata tukiwa na msiba, na ole wako ukasirike. Aliyevuma siku hiyo ni mama mmoja muuza samaki wa Kivinje. Alikuwa amevaa msuli wa baba, kofia ya baba, na miwani yake iliyofungwa uzi.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia kwa sauti ya baba, ile ya kukwaruza. Watu wakaangua kicheko. Mimi nilitamani kumvua ile kofia.

Akaweka punje ya mtama juu ya kisahani, akawasha tochi ya simu, akaimulika.

"Jifunikeni!" akapiga kelele. "Zinakuja! Hazivutwi, hazisukumwi, na ukuta zinapenya! Wewe shemeji, jifiche nyuma ya sinia! Ah, sinia nalo zinalipenya!"

Wazee wazima wakajificha nyuma ya masinia huku machozi ya kicheko yakiwatoka. Nami nikasimama pale kama mlingoti. Maneno yale sikuwahi kumwambia mtani. Nilimwambia mtu mmoja tu.

Kisha akakaa mkekani, akaweka simu sikioni. "Haya," akasema taratibu. "Haya. Umekula?" Akaishusha simu, mara akaruka juu, akakimbia huku ameukamata msuli usimdondoke. "Jamani, njooni! Mtoto kapiga tena! Njooni niwaeleze kabla sijasahau!"

Hapo nikalia, kilio ambacho sikukipata nilipopewa habari ya kifo.

Mtani akavua kofia, akaja kukaa karibu yangu. Sauti ikawa yake mwenyewe.

"Kila Ijumaa alitusomesha pale barazani. Tukimwambia tumechoka, anaanza upya. Siku moja samaki wangu wakaungua kwa ajili ya hizo nyutroni zenu."

"Mbona mimi hakuniuliza hata neno?"

"Aliogopa. Alisema akikuuliza utajua hajaelewa vizuri, utaacha kumsimulia."

Mwanamke mmoja akaniletea maji, nikayashika tu mkononi. Mtani akanitazama usoni. Nikadhani utani unarudi.

"Sasa mwanangu, mwenzetu katuacha njiani," akasema. "Mara ya mwisho alisema mmepiga, hakikutoka kitu, kioo chenu cha kuubania mwanga kimepata ufa, mnakibadilisha. Baada ya hapo akaumwa. Watu wa baraza wananiuliza, na mimi sijui. Mlipopiga tena, zilitoka?"

Wale wazee waliokuwa nyuma ya masinia wakanigeukia, nikaona kweli wanangoja jibu.

"Zilitoka," nikasema. "Zilitoka nyingi sana."