Kovu Lililotoka Kwenye Picha

Sitaki mtu aniambie nimeota. Sikuwa nimelala, sikuwa nimeonja hata tone la rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, na malaria sina. Haya ninayokusimulia yametokea Kanazi, hapa hapa Ngara, jua likiwaka na watu wamejaa uani. Ukitaka kucheka, cheka. Mimi nilikuwa mchekaji wa mambo haya kuliko wewe.

Kazi yangu ni kutengeneza tovuti. Najua watu wa kwetu wakisikia hivyo wanadhani narekebisha simu, na mama yangu mzazi mpaka leo huwaambia majirani kwamba "anafanya mambo ya kompyuta," basi. Nina chumba Ngara mjini, betri ya sola, laptopu iliyong'oka kibonye cha herufi M, na maoni makali. Naam, maoni ninayo. Tovuti nzito ni dhambi. Mtu yuko kijijini, simu yake imepasuka kioo, bando lake la kuungaunga, halafu wewe unamwekea mapicha makubwa na vitu vinavyorukaruka? Unamtesa tu. Ndiyo maana nilikuwa nasifu sana vile vifaa vya bure vya mtandaoni: kimoja kinapunguza uzito wa picha bila kuiharibu, kingine kinakupimia kama tovuti yako itafunguka upesi kwenye simu dhaifu, kingine kinakupa fomu ya watu kukuandikia bila wewe kuhangaika na seva. Niliviamini vyote, sikubagua.

Sasa, kuna mama mmoja, jirani ya shangazi yangu kule Kanazi. Anaitwa Mama Vestina. Ni katika zile familia zilizovuka kutoka Rwanda mwaka wa tisini na nne, zikakaa kambini Benaco. Baadaye yeye na mumewe wakabaki, wakapata shamba, wakawa watu wa hapa. Lakini huyo Vestina ambaye mama anaitwa kwa jina lake, hakuna aliyemwona tangu kambini. Alikuwa mtoto wa miaka minne hivi. Mvua ilipiga, watu wakakimbilia maturubai, na katika ule msongamano mtoto akapotea. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mama huyu alizeeka, akamzika mumewe, kifua kikamshika, na ombi lake likabaki moja tu: amwone Vestina kabla hajafa.

Ndipo shangazi akaniita. Nikasema hili jambo dogo, nitamjengea kurasa mbili, watu wasome, mwenye habari aandike kwenye fomu. Tena bure. Mama Vestina akatoa picha aliyokuwa nayo, na ndiyo hiyo moja tu: mtoto amesimama mbele ya ukuta wa udongo, amenuna. Safari nzima ya ukimbizi aliikunja akaificha kifuani, na mkunjo ule umeacha mstari mweupe unaokata shavu la mtoto kutoka chini ya jicho mpaka kidevuni.

Shemeji yake Mama Vestina, Mzee Gervas, alikuwepo siku hiyo. Akanivuta pembeni. "Kijana, mtoto huyo alishazikwa."

Nikashtuka. Akanieleza: kwao, na hata kwetu nasikia wazee walifanya, mtu akipotelea mbali na mwili wake usionekane, ndugu huzika mgomba badala yake. Hukatwa shina, likaviringishwa nguo kama maiti, likalazwa kaburini, watu wakalia, matanga yakaanuliwa, ili aliyepotea apumzike na waliobaki nao wapumzike. Baba yake Vestina alifanya hivyo miaka mingi iliyopita, nyuma ya nyumba. Mama alijifungia ndani. Hakulia, hakutoka, hakukubali. "Sasa wewe unataka kumwamsha nani?" mzee akaniuliza. Nikamjibu, kwa heshima zote, kwamba mgomba ni mgomba tu, mzee wangu.

Nikarudi mjini nikaanza kazi. Fikiria na wewe: anayetafutwa sasa ni mwanamke mzima, na picha ni ya mtoto. Nani atamtambua? Nikakumbuka kuna kifaa kimoja mtandaoni cha akili mnemba, ukikipa picha ya mtoto kinakuchorea atakavyokuwa ukubwani. Nikakipa. Kikazunguka, kikazunguka, mtandao wetu si unaujua, kisha uso ukatokea. Mwanamke wa makamo, mzuri, ametulia. Ila vifaa hivi vina tabia moja mbaya, havikubali kusema sijui. Mkunjo wa karatasi kikadhani ni kovu, kikamchorea kovu refu shavuni, limepona vizuri kabisa. Hereni kikamwekea sikio moja; la pili kikaliacha tupu, halina hata tundu. Na kwa kuwa mama alikuwa hajanipa maelezo yote, nikajazia maneno yangu mwenyewe ya muda, ndivyo tufanyavyo wajenzi wa tovuti ili ukurasa usikae mtupu: "Vestina alikuwa mtoto mchangamfu aliyependa kuimba." Nilijitungia tu, nikapanga nitayafuta.

Kabla sijapandisha kitu mtandaoni, nikampelekea Mama Vestina auone ule uso kwenye laptopu. Yesu Maria! Alilia mpaka nikaogopa. Alikishika kioo kwa mikono miwili akakibusu. "Mwana wanjye," akawa anasema, mwanangu kwa Kinyarwanda, "mwana wanjye, umekua hivi?" Nikamweleza kwamba hayo ni makisio ya mashine, na kovu hilo ni mkunjo wa picha tu. Akaitikia ndiyo, ndiyo, lakini macho hakuyatoa kwenye kioo.

Unasubiri niseme yalianza usiku wa manane, bundi analia? Hapana, bwana. Ilikuwa alasiri. Siku chache zilikuwa zimepita, nimerudi Kanazi kumsomea mama maandishi. Nilipoingia uani nikamkuta mwanamke amekaa kwenye kigoda anamenya ndizi. Akainua uso.

Nitakuelezaje? Ni uso ule ule. Kovu lile lile, kutoka chini ya jicho mpaka kidevuni. Hereni sikio moja, na sikio la pili laini, halijawahi kutogwa. Nikakaa chini kwenye maganda. Na ukumbuke, picha ile ilikuwa bado kwenye laptopu yangu. Tovuti ilikuwa haijapanda. Hapa kijijini hakuna aliyekuwa ameiona zaidi yangu mimi na mama.

"Amekuja!" Mama Vestina akatoka ndani mbiombio, yule yule mgonjwa wa kifua, anacheka. "Amekuja mwenyewe kwa miguu yake!"

Majirani walikuwa wamejaa, rubisi imetolewa, vigelegele vinapigwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na kweli mwenyeji alikuwa amepona. Nani angekuwa na roho ya kuuliza maswali? Mimi niliuliza. Nilimuuliza yule mwanamke ametoka wapi. Akasema, "Mbali." Nani amemlea? "Watu." Anakumbuka nini cha utotoni? Akanitazama, akasema taratibu, neno kwa neno, "Nilikuwa mtoto mchangamfu niliyependa kuimba." Mama akadakia kwa furaha kwamba hata yeye alikuwa amelisahau hilo, lakini hebu msikilize anavyoimba, sauti gani hiyo!

Nilikimbia. Sioni haya kusema. Nilifika mjini nikaifuta ile picha, nikafuta akaunti yangu kwenye kile kifaa, nikafuta na yale maneno. Nikadhani nikishafuta, na yeye atakuwa hayupo. Nikampigia shangazi. "Yupo," akasema, "anapika." Nikamwendea katekista, akaniambia nina wivu na furaha ya mjane. Mzee Gervas peke yake hakunibishia. Alinipeleka nyuma ya nyumba akanionyesha lile kaburi la mgomba. Lilikuwa limetitia, udongo umeingia ndani, kana kwamba kilichozikwa hakimo tena. Tungefanya nini? Tungeenda polisi kuripoti kwamba picha imetembea?

Tovuti yenyewe niliipandisha, na ile picha ya utotoni peke yake, yenye mkunjo wake. Kwa nini, sijui hata mimi. Labda kwa sababu nilikuwa nimeshaahidi. Na siku moja fomu ikaniletea ujumbe.

Ulitoka Nyantakara, kule Biharamulo. Mwandishi ni mwanamke mkulima, jina lake Kabula. Familia ya Wasukuma ilimwokota barabarani akiwa mdogo, ikamlea, na kwao hakujui. Binti yake alikuwa anaperuzi kwenye simu, akaikuta ile picha, akamwonyesha: "Mama, mtoto huyu amenuna kama wewe." Aliandika kwamba hakumbuki jina lake la kwanza wala sura ya mama yake. Anakumbuka kitu kimoja tu: mama alimfunga kamba ya mgomba mkononi, ncha ya pili akajifunga mwenyewe, ili wasipoteane. Watu wakakanyagana, kamba ikakatika.

Niliusoma ujumbe ule mara mbili. Habari ya kamba Mama Vestina alikuwa ameniambia mimi peke yangu, na alinikataza kuiandika, kwa sababu hajaacha kujilaumu kwamba hakuifunga vizuri. Na Nyantakara ni wapi? Unapanda basi asubuhi, mchana umefika. Miaka yote hiyo!

Nikamwambia aje. Nilimpokea stendi na wala sikuhitaji kuuliza ni yupi. Mwendo ni wa Mama Vestina, paji la uso ni la Mama Vestina, mwanya wa meno ya juu ni ule ule. Nilifurahi jamani, nikasema sasa yamekwisha. Njia nzima yeye alikuwa na swali moja: "Atanijua kweli? Mbona nimeshazeeka."

Tulipofika, Kabula alipiga magoti mbele ya mama yake, akamshika miguu, akaieleza habari ya kamba. Aliieleza kwa Kiswahili, maana Kinyarwanda hakubaki nacho hata neno. Nikamwona mama anamwinamia. Mkono wake ukaanza kunyanyuka. Mungu ni shahidi yangu, ulinyanyuka kuelekea kichwani kwa mwanaye. Mara huko jikoni yule mwingine akaanza kuimba. Mkono ukashuka.

"Binti yangu ana kovu," mama akasema. "Huyu hana kovu."

Nilipiga kelele, nakwambia. Nikamwambia, mama, kovu ni mkunjo, mkunjo ulioukunja wewe kwa mikono yako, nilikueleza! Mtazame meno! Mtazame vidole! Nikataja hata vipimo vya damu, akasema mzazi hampimi mwanaye. Kisha akanitazama kwa upole mpaka nikanyong'onyea.

"Mwanangu," akasema, "wewe ndiye uliyenionyesha sura yake. Mimi nilikuwa nimeisahau. Sasa unataka niisahau tena?"

Wewe ungemjibu nini?

Yule mwanamke akatoka jikoni na kikombe cha maji, akampa Kabula kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Kabula akanywa, akashukuru. Nikamrudisha stendi. Alijikaza mpaka basi lilipowashwa, ndipo akalia, na mimi nimesimama pale chini dirishani nimeshika mfuko wake wa ndizi ambao mama alimpa kama anavyopewa mgeni yeyote.

Mpaka leo ndivyo ilivyo. Kifua cha Mama Vestina kimerudi, na safari hii kimerudi vibaya. Kabula hunitumia vitu kwa basi: asali, dagaa, sweta alilolifuma mwenyewe. Hataki niseme vimetoka kwa nani. Juzi alinipigia. "Mwambie huyo dada amfunike Mama kifua jioni. Huko kwenu kuna baridi." Anamwita dada! Nilitaka kumwambia yule si dada yako wala si wa mtu yeyote, nikashindwa, nikasema sawa, nitamwambia.

Kwa hiyo nakuonya, wewe uliyepotelewa na mtu, na wewe mwenzangu wa kazi hii unayependa vifaa vya bure kama nilivyovipenda mimi. Picha ya aliyepotea iweke ilivyo, hata kama imechanika, hata kama macho hayaonekani. Usimmalizie sura. Pale usipopajua pawe patupu, ukurasa uonekane mbaya, shauri yake. Maana ukishapajaza, mwenyewe siku akija atakuta nafasi yake imekaliwa, na hakuna wa kumtoa aliyekaa. Mimi nimejaribu. Sijaweza.

Na vile vitu vya Kabula, mimi ndiye ninayevipeleka. Kwa umri anaoonyesha, yule mwanamke ananizidi miaka mingi. Mimi ndiye ninayepaswa kumwamkia. Lakini kila ninapoingia uani ananiwahi. Anaacha alichokuwa akifanya, anapiga goti, anasema, "Shikamoo, baba." Nimejaribu kunyamaza. Hanyanyuki. Atabaki pale chini, ananitazama, na mama ndani anakohoa anasubiri kufunikwa, mpaka niseme marahaba.