Robo Saa Niliyoificha

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, ambayo ningependa kuisahau, ila wewe umeingia kwenye kazi ya kutengeneza dawa za saratani na sina haki ya kukunyima habari hii. Zilikuwa enzi za ruksa. Maduka ya Kariakoo yalifurika bidhaa, kliniki za binafsi zikaanza kufunguliwa, nami nikapata kazi ya unesi katika mojawapo, ghorofa ya pili, karibu na Msimbazi. Nilikuwa mwepesi wa mikono, na mwepesi zaidi wa kujisifu.

Mgonjwa wangu siku hiyo alikuwa Bi Zuhura, mshonaji nguo wa Ilala, mwenye saratani ya titi. Dawa yake, ile nyekundu, mwanawe alikuwa ameifuata Nairobi kwa basi, akarudi na chupa moja tu. Dawa ile ikiwa ndani ya mshipa inapambana na saratani. Ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama. Nilifundishwa hivyo, na mtihani wake nilifaulu.

Dripu ilipoanza tu akaniambia, "Mwanangu, inachoma."

"Vumilia kidogo, mama. Ndivyo ilivyo."

Hata mkono sikuutazama. Niliwaza ile chupa moja, na aibu ya kuimwaga. Akasema tena, nikamtuliza tena. Robo saa ikapita hivyo, macho yangu kwenye saa ya ukutani, nikiomba dawa iishe. Aliposema mara ya tatu nikaifunua khanga aliyoufunikia mkono. Mgongo wa kiganja ulikuwa umevimba mpaka unang'aa. Nikafunga dripu, nikamwita Daktari Kanti, mwenye kliniki, mzee wa Kihindi aliyezaliwa papo hapo Kariakoo.

"Ameanza kulalamika saa ngapi?" akaniuliza.

"Sasa hivi, daktari."

Akamgeukia mgonjwa. "Kweli, mama? Sasa hivi?"

Bi Zuhura akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile, kabla wala baada. Kisha akainamisha kichwa akasema, "Ndiyo, sasa hivi."

Basi daktari akaamini kwamba yamevuja matone machache. Akavuta kwa sindano alichoweza kukivuta, akaagiza barafu kwa muuza juisi wa chini, akamruhusu kwenda nyumbani. Angejua ni robo saa nzima angempeleka hospitali kubwa papo hapo, mkono ukafunguliwe na kusafishwa. Mimi nilijua hilo. Nilisimama mlangoni namsikia akishuka ngazi polepole, neno liko mdomoni, nikalimeza.

Siku ya tisa kidonda kikafunguka. Hospitalini walikata nyama iliyoharibika, wakaziba kwa ngozi ya paja, lakini vidole vitatu havikukunjika tena. Mkono wa kulia, mwanangu, wa mtu anayekula kwa kushona.

Nilikwenda kwake kuomba radhi. Nilimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba kabla sijaimaliza. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka.

"Nilikusitiri," akasema. "Sikutaka ufukuzwe kazi mbele yangu. Nikajua ukishapumua utamwambia mwenyewe. Siku ile nilikaa barazani mpaka magharibi, nikisema watakuja kunichukua, yule binti ana haya usoni. Mbona hamkuja?"

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa Daktari Kanti, nikamweleza yote, naye hakunigombeza. Alilifungua faili akaniambia niandike mwenyewe ile robo saa. Niliandika, nikaona haya kwamba mkono wangu unaweza kuandika.

Nyinyi leo mna maarifa ambayo sisi hatukuyaota. Mnaifunga sumu kwenye kingamwili, kingamwili kinaitambua chembe ya saratani, kinaipelekea sumu mpaka ndani. Nakubali, ni jambo la kushukuru. Lakini kiunganishi kinachoishika ile sumu kikiachia njiani, inasambaa kwenye damu yote, na hapo nesi hana khanga ya kufunua wala uvimbe wa kuona. Juzi uliniambia kiunganishi chako kinashika siku saba. Nikakuuliza, kwenye maji ya maabara au kwenye damu ya mtu? Ukacheka, ukaniuliza kama chai ina sukari. Mwanangu, kicheko kile nakijua. Nilikuwa nacho nilipokuwa na umri wako.

Kwa hiyo nakuambia bila kuzunguka. Kesho asubuhi nenda kwa mkuu wako, umwonyeshe vipimo vya damu, maana kicheko kile kiliniambia umeviweka pembeni, useme kiunganishi kimeanza kuachia siku ya ngapi. Kazi itarudi nyuma, na wenzako watanuna. Waache wanune. Wewe usimngoje mgonjwa akusemee, maana wagonjwa wetu wana adabu, watakusitiri huku wanaungua.

Mungu akupe ulimi usiochelewa, mwanangu, na yule atakayewekewa dawa yako asikae barazani akikungoja.