Sekunde Arobaini za Mshiriki wa Tisa

Mwaka ule kazi yangu ilikuwa kusikiliza. Daktari mmoja wa sosholojia alikuwa akifanya utafiti kuhusu maisha ya Wafilipino wanaofanya kazi Nairobi, na mimi ndiye niliyetumwa kwao na simu ya kurekodi, fomu za ridhaa na maswali ishirini. Nikirudi nyumbani nilivaa hedifoni na kunakili kila neno. Nikimaliza kunakili, nilianza kukata. Jina la mtu lilitoka, likawekwa namba. Mtaa ulitoka, jina la mwajiri lilitoka, jina la mtoto lilitoka. Na mtu akisema jambo fulani lisiwekwe, nililitoa kwenye maandishi na kwenye sauti pia, kwa sababu fomu ilimwahidi hivyo na alikuwa ametia sahihi. Nilikuwa fundi wa kukata. Daktari alinisifu kwamba ukisikiliza rekodi zangu hujui kisu kilipita wapi, nami nikavimba kichwa.

Mshiriki wa Tisa alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mlezi wa watoto katika nyumba moja ya mtaa wa Muthangari. Alikuwa amekaa Nairobi miaka kumi na mmoja bila kurudi kwao hata mara moja. Kiswahili chake alikiokota jikoni na kwa mama mboga, na mara nyingi alinishinda mimi kwa utani. Alinipokea jikoni Jumatano moja alasiri, mwajiri akiwa kazini, mvua ikipiga ua wa nyuma. Niliwasha simu kurekodi, na kabla sijauliza swali la kwanza aliniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula, asante. Akanipakulia wali.

Alizungumza kwa saa nzima na kucheka karibu nusu yake. Alinisimulia Jumapili zao, jinsi wanavyokutana baada ya misa kwenye nyumba ya mwenzao Westlands, wapike, waimbe, wasengenye waajiri wao mpaka jioni. Alinieleza jinsi anavyoamka alfajiri kupiga simu kwao, maana huko tayari ni mchana. Kisha nikafika swali la kumi na nne: watu wa huku wanajua nini kuhusu familia yako? Akazima jiko. Akafuta meza iliyokuwa safi.

"Mimi wakiniuliza nasema sina mtoto," akasema. "Ukisema uko naye, wanauliza, sasa mbona ulimwacha? Kila siku hiyo swali. Nilichoka. Nasema sina, wananyamaza. Siku ingine hata mimi naamini."

Sauti ya mvua ikajaa jikoni. Kisha akaniangalia kana kwamba ndiyo kwanza anaiona ile simu mezani.

"Hiyo usiweke. Hiyo futa."

Nikamwambia nitafuta. Sikumdanganya. Ila utaratibu ulikuwa kunakili kwanza na kukata baadaye, na mbele yake kulikuwa na watu wanne waliongoja zamu yao kwenye kompyuta yangu. Nikamweka foleni kama wengine.

Wiki mbili baadaye rafiki yake, dada mmoja Mfilipino anayepaka rangi za kucha katika saluni Westlands, alinipigia simu. Mama yule alikuwa ameanguka akipiga pasi. Moyo, wakasema.

Wenzake walimfanyia maombi siku tisa mfululizo, nami nikaenda siku ya mwisho. Walikuwa wameweka picha yake mezani, na mbele ya picha sahani ya chakula. Tulipoagana alasiri ile, yule dada wa saluni alinishika mkono na kunionya nisiende nyumbani moja kwa moja. Kwao, ukitoka kwenye msiba lazima upitie mahali pengine kwanza, hata dukani, hata kwa kikombe cha kahawa, ili marehemu asikufuate mlangoni pako. Wote walikuwa wanaelekea kwenye mgahawa pale chini. Mimi nimezaliwa magharibi mwa Kenya, ambako matanga hukaliwa siku nyingi na hakuna anayemkwepa marehemu wake, na kwa kweli niliona wanamtupa mwenzao kama tiketi iliyokwisha kazi. Nikakataa kahawa yao, tena kwa kiburi. Nikaenda nyumbani kwangu Kangemi moja kwa moja.

Asubuhi yake nilivaa hedifoni kuanza rekodi iliyofuata kwenye foleni. Nilikuwa nimesahau ni ya nani. Sauti ikaniuliza ndani ya masikio kama nimekula.

Niliogopa. Sina lugha nzuri zaidi ya hiyo. Nilizivua zile hedifoni, nikafungua mlango ili nisikie kelele za soko, na nikarudi kukaa. Tangu siku hiyo ananiuliza, hata nikiwa sijavaa kitu masikioni. Kwa kawaida huniuliza ninapozima jiko.

Mwezi haujaisha, ukaingia ujumbe kutoka namba ngeni ya nje. Alikuwa binti yake, akiandika kwa Kiingereza. Alikuwa amekuta nakala ya fomu ya ridhaa katika sanduku la mama yake lililorudishwa kwao, na chini ya fomu namba yangu. Alikuwa na miaka tisa mama alipoondoka, sasa ana ishirini. Walizungumza kila siku, aliandika, lakini hakuna anayerekodi simu za kila siku. Aliniomba ile sauti. Aliniomba yote, bila kupunguza, hata mahali mama alipokohoa.

Nilimpelekea daktari swali hilo. Alinikumbusha kwamba fomu haikuruhusu sauti imfikie mtu yeyote nje ya utafiti. Kisha akaniambia kwamba yeye hajasikia nimemuuliza kitu. Nikamchukia kwa jibu hilo, na nikalitumia.

Nilifanya nilichokijua. Majina niliyaacha yote, kwa mara ya kwanza katika kazi ile, na jina la binti lilikuwa limetajwa mara nyingi kuliko nilivyokumbuka. Lakini sekunde arobaini nilizikata. Nilisikiliza kiungo, pale nilipounganisha sauti, mara kumi mpaka nikaridhika. Kipande kile nilipaswa kukifuta papo hapo, kwa kuwa mwenyewe aliniambia. Kidole kilikataa. Nikakihifadhi peke yake katika simu yangu, bila jina.

Binti alijibu baada ya siku mbili. Alinishukuru hadi nikaona haya. Walikuwa wameisikiliza mezani na bibi yake, mara tatu, chakula kikapoa. Kisha akaniuliza kuhusu dakika ya thelathini na moja. Pale, aliandika, mvua inaruka. Kulikuwa na nini pale?

Kasoro kama hiyo daktari hakuwahi kuigundua. Mimi mwenyewe sikuwa nimeigundua. Huyu alikuwa ameisikiliza hata mvua. Nikaandika haraka kwamba pikipiki ilipita nje kwa kelele nyingi, nikaitoa.

Jibu lake halikuchelewa. "Basi nitumie hiyo pikipiki. Mama aliisikia. Mimi pia nataka kuisikia."

Niliufunga ujumbe. Wiki iliyofuata akauliza tena, kwa adabu, kama nimeipata. Nikajitia hamnazo. Nikimtumia, atapata wa kumtafsiria, na atamsikia mama yake akisema hana mtoto, na hatakuwapo mtu wa kumweleza uso wa mama ulikuwaje aliposema. Nikifuta, nitakuwa nimemnyima dakika pekee ambayo mama yake hakucheka ili nifurahi. Nimelia kwa hasira juu ya jambo hili, hasira ya kuwa mimi ndiye niliyeuliza swali la kumi na nne.

Leo asubuhi ameandika tena. Anasema anajua hakukuwa na pikipiki. Hataki tena sauti, anataka tu nimwambie alisema nini. Nimeandika mstari, nikaufuta. Nimeandika mwingine. Kwa upande wake simu inamwonyesha kwamba ninaandika, na anangoja.