Mtabiri wa Mafua

Yule bwana wa chumba cha kompyuta, hapa kwenye maabara yetu ya Montevideo, hutabiri virusi vya mafua vitajibadilisha vipi mwakani, na chanjo hufuata neno lake. Husoma vinasaba kwenye kioo, kidole kikifuata mistari, huku akinyonya chai chungu ya kibuyu kwa mrija tunaopokezana sote. Kuupangusa ni tusi. Aina asiyoihofia huigongea meza: "Hii imekwisha, jamani. Isahauni." Jana aliingia akipiga chafya. Mpimaji wetu, Nélida, akapima makamasi yake: ni aina ileile aliyoizika juzi. "Basi imekosea yenyewe!" bwana akafoka, akapenga, akanyonya, kisha akaninyooshea kibuyu. "Haya, ndugu yangu, zamu yako. Mbona unautazama hivyo mrija?"