Jezi za Kijani

Juzi, katika duka la mitumba kule mjini Hopkins, huku ughaibuni, niliona jezi ya kijani ya chuo alichokuwa akifundisha baba. Niliinusa kabla sijajizuia. Haikuwa na harufu yoyote.

Chuo kilikuwa kidogo, na baba ndiye aliyekuwa kocha wa mpira, wa voliboli na wa riadha, tena mkuu wa michezo yote. Jezi tulizifulia kwetu. Alasiri moja, nikiwa mdogo, alikuja nazo za timu zote, tukashuka na mifuko hadi kwenye mashine za kufulia za jengo letu. Chumba kilijaa joto na harufu ya sabuni. Nilifurahi, nikidhani kesho kila timu inacheza. Tuliporudi juu nikamkuta mama anakaanga mahamri, kama alivyozoea kuwakaangia wachezaji kabla ya mechi, nikasadiki kabisa.

Baba alikunja jezi moja moja, akazipanga kwenye maboksi. Mama akaweka juu yake mfuko wa mahamri ya moto.

"Chombo cha watu hakirudishwi kitupu," alisema.

Hakuna aliyeniambia kwamba chuo kilikuwa kimefuta michezo.

Kisha baba akavua filimbi shingoni, ile niliyokuwa nikimwomba kila siku akaninyima. Akaiosha kwenye sinki, akaifuta kwa shati lake. Nikanyoosha mkono.

"Hii nayo ni ya watu, mamangu," akasema, akaiweka juu ya jezi.

Nikamuuliza, sasa kesho wachezaji watamsikiaje. Akainama kuokota selotepu ya kufungia maboksi, na hakuinuka upesi.